Sharubati ya siki ni kinywaji, siyo dawa ya kitambi

Mhariri, salaam.

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, na najua mtanikata maana huwa mnakata, ila safari hii mnivumilie kidogo kwa sababu kuna kitu mmekiandika kwenye ukurasa wa afya na urembo sijaweza kukimeza. Mmesema kuna "kinywaji kipya cha Wamarekani" cha matunda na siki, eti kinayeyusha kitambi, kinasafisha damu, kinashusha sukari, na mtu achemshe matunda pamoja na siki saa zima kwenye sufuria halafu awe anakunywa nusu glasi kila asubuhi kabla hajatia kitu tumboni. Nusu glasi ya siki! Bila maji! Jamani.

Mi ni mtu wa Tanga, naishi huku Lowell, Massachusetts, kazi yangu kutunza wazee, na hicho kinywaji mnachokisema nakitengeneza jikoni kwangu kila kiangazi, manake joto la huku la Julai watu wa nyumbani hawaliamini, wanadhani Marekani ni theluji tu mwaka mzima, kumbe kuna siku unatoka shifti saa tisa mchana nguo imegandana mgongoni utafikiri uko Chumbageni. Kwaiyo naongea kitu ninachokijua, sijakitoa kwenye simu.

Kwanza upya wenyewe haupo. Huku kinaitwa shrub, mi nyumbani kwangu nakiita sharubati ya siki na wanangu wameshazoea hivyo, na ni mambo ya mabibi wa zamani kabisa, wakati huo hamna friji, hamna soda, barafu yenyewe ni ya kukata ziwani wakati wa baridi na kuifukia kwenye pumba za mbao. Chukulia rasiberi. Ni tunda laini mno, ukilichuma leo kesho limeshaanza kuota ukungu, na zinaiva zote kwa mpigo, sasa mtu ana shamba lake na kichaka kizima kimekuwa chekundu ndani ya wiki mbili, atakula zote? Hawezi. Atauza kwa nani na jirani naye anazo? Basi analoweka kwenye siki. Siki ni asidi, ukungu na bakteria wengi hawaiwezi, ladha na rangi ya tunda vinahamia kwenye siki, unachuja, unatia sukari, unachemsha kidogo, unafunga kwenye chupa, na mwezi wa kumi majani yanapukutika huko nje we bado una rasiberi zako ndani ya glasi. Hiyo ndo kazi yake, kuokoa matunda yasiharibike. Kiuno cha mtu hakikuwa na habari humo.

Kuna mama mmoja wa hapa hapa Massachusetts, Lydia Maria Child, yule aliyeandika sana kupinga utumwa, mwaka 1829 alitoa hapo Boston kitabu cha mambo ya nyumbani kwa watu wa kubana matumizi, na sharubati ya rasiberi imo. Maelezo yake mafupi mpaka raha: weka rasiberi kwenye chombo, mimina siki kali iishie pale pale juu ya matunda isizidi, kila painti ya juisi (kama nusu lita) itie painti ya sukari, chemsha, engua povu, ikipoa weka kwenye chupa. Kwisha. Na sababu anayoitoa ni ya pesa, kwamba sehemu yenye rasiberi nyingi ni uchumi mzuri kunywa hiyo badala ya mvinyo wa kutoka ng'ambo. Miaka ile ile ndo hapo Boston watu walishaanzisha chama chao cha kuacha pombe, 1826, kwaiyo vinywaji kama hivi vikapata wapenzi, manake mgeni akija lazima umpe kitu chenye ukali kidogo kikwangue koo, huwezi kumpa maji matupu. Nasema hivi kwa sababu Waingereza nao walikuwa na shrub yao ya zamani ambayo ni ramu na ndimu na sukari, hiyo ni pombe kamili, ukiona resipi yenye ramu ujue ni ile, siyo hii. Baadaye soda zikaja, Coca-Cola ilianza Atlanta 1886, friji nazo zikaingia majumbani, mambo ya kuloweka yakabaki kwa wazee wa mashamba.

Na wazee wenyewe ndo hao ninaowaogesha na kuwalisha kila siku. Ukimtajia mzee aliyekulia shamba huko Vermont au New Hampshire neno switchel uso unabadilika. Hiyo ni ndugu yake shrub lakini haina tunda, ni maji, siki ya tufaha, tangawizi na molasesi, walikuwa wanapelekewa wanaume wanaokata majani ya ng'ombe juani, mtungi unalazwa kwenye kijito upate ubaridi. Mmoja aliniambia watoto ndo walikuwa wabebaji, na mtoto akifika mtungi umepungua anaulizwa. Watu wa wakati ule waliamini mtu mwenye joto kali akibugia maji baridi matupu atapata tumbo la kukata, kwaiyo tangawizi ilitiwa ipashe tumbo. Kama ni kweli au siyo mi nasema tu kinywaji ni kitamu. Lita moja ya maji, robo kikombe ya siki ya tufaha, robo kikombe ya kitu kitamu, kijiko cha chakula cha tangawizi mbichi iliyoparazwa, kilaze usiku kucha, asubuhi chuja. Molasesi huko kwetu ni chakula cha ng'ombe, inatoka viwandani kwenye miwa, msiende kuitafuta, tieni sukari guru, tena mi naona sukari guru ni bora zaidi, ina ule moshi moshi wake.

Sasa nirudi kwenye resipi yenu ya kuchemsha saa zima. Ukichemsha siki saa zima unajua kinachotokea? Jikoni hapakaliki, macho yanatoa machozi, tunda linageuka jamu, harufu nzuri yote imeshatokea dirishani. Halafu hamkusema sufuria gani. Wengi wetu sufuria zetu ni za alumini, na siki ya moto inakula alumini, utakuta ladha ya chuma chuma na sufuria imeng'aa pale kioevu kilipofika. Tumia sufuria ya stenilesi au yenye enameli isiyobanduka, na ya kulowekea iwe chupa ya kioo. Hata mfuniko wa chupa ukiwa wa bati siki inaula mpaka unatoa kutu, weka kipande cha nailoni au karatasi ya kuokea katikati, au mfuniko wa plastiki.

Njia ziko mbili na tofauti yake ni muhimu kwa mtu wa nyumbani kuliko kwa mimi.

Ya kwanza ndo inayopendwa huku siku hizi, ya baridi. Kikombe kimoja cha matunda yaliyokatwa au kupondwa kidogo, kikombe kimoja cha sukari, unachanganya, unafunika, unaweka kwenye friji. Unaacha siku moja mpaka mbili. Ukifungua siku ya pili ni kitu cha kutazama, sukari huioni tena, yote imeshayeyuka, matunda yamenywea yamekuwa madogo yamelegea, yanaelea kwenye maji mazito yenye rangi ambayo hukuitia wewe, sukari imeyavuta maji ya tunda yote nje bila moto hata chembe. Chini kunaweza kubaki sukari kidogo kama mchanga, koroga tu. Hapo unachuja, unatia kikombe kimoja cha siki, unatikisa, unarudisha kwenye friji. Na usinywe siku hiyo! Siku hiyo ukiinusa inapanda puani unakohoa, unasema huyu mama wa Lowell kanidanganya. Iache wiki. Baada ya wiki siki na tunda vimeshaelewana, ukali upo lakini hauna fujo.

Kwenye kuchuja usikamue kama unakamua tui, ukikamua linakuja limevurugika na mbegu zinaleta uchungu. Weka kitambaa safi juu ya bakuli, mimina, nenda kaswali, kafanye mengine, litajichuja. Mi natumia kipande cha marekani ile nyeupe ya pamba niliyotoka nayo nyumbani, na hapa huwa nacheka peke yangu, manake meli za Salem, mji uko hapo tu kwenye gari, ndo zilikuwa zinapeleka marekani Unguja enzi za Sayyid Said, mkataba wao wa biashara ulitiwa saini 1833, zinashusha nguo zinapakia pembe na sandarusi na karafuu. Kitambaa kimeenda kwetu kimerudi kuchuja rasiberi.

Lakini hiyo njia ya baridi inamtaka mtu mwenye friji inayowaka. Sasa we uko Mwananyamala, umeme umekatika tangu jana, matunda na sukari yamekaa mezani na joto la Januari, siku ya pili unafungua unakuta povu na chupa inafanya tsss. Hapo ujue chachu zimeingia kazini, unaelekea kwenye pombe, mwaga. Na hili makala yenu haikuligusa kabisa wakati ndo lenyewe kwa msomaji wenu.

Dawa yake ni kurudi kwenye ile njia ya bibi wa 1829, yeye friji hakuwa nayo vile vile. Unaanza na siki, siyo sukari. Matunda kwenye chupa ya kioo, siki juu yake yafunikwe yote kabisa (yeye anasema siki iishie juu ya matunda basi, mi nasema kwa joto letu yazame, tunda linalochungulia nje ndo linaloota ukungu), funika, weka pahali pa kivuli siku tatu nne huku unalikandamiza kwa kijiko cha mbao kila ukipita. Kisha chuja, pima juisi, kila kikombe kimoja cha juisi kikombe kimoja cha sukari, pasha moto mpaka sukari iyeyuke na ianze kutokota, dakika chache tu, engua povu, mimina kwenye chupa ulizozichemsha dakika kumi, funga. Asidi inalinda, sukari inalinda, moto umepita. Ukishafungua chupa hapo weka kwenye friji kama unayo, kama huna fanya chupa ndogo ndogo ili ukifungua moja iishe upesi. Ukiona ukungu au povu usionje, mwaga yote, hamna cha kuengua juu ukaendelea.

Siki iwe ya dukani iliyoandikwa asilimia 5 kwenye lebo. Hili silegezi. Siki ya kujitengenezea ya tembo la mnazi ni tamu sana kwenye kachumbari, nakubali, lakini hujui asidi yake ni kiasi gani na kama unataka kitu kikae chupani lazima ujue. Halafu soma lebo vizuri, kuna zile nyeupe ambazo ni asidi ya asetiki na maji basi, kwa achari hazina neno, kwa kinywaji zina ukali mkavu hauna nyuma wala mbele. Ya tufaha ndo ya kutafuta. Ya zabibu nayo ukiipata sawa.

Kuhusu matunda. Mtaona nataja rasiberi, bluberi, mapichi, kwa sababu ndo ya huku, mapichi ya Agosti na tangawizi wallahi hamna soda inayokaribia. Lakini msiende kununua rasiberi za ndege supamaketi kwa bei ya kuku, itakuwa umelikosa somo lote, kinywaji hiki ni cha tunda linalokuzidi. Angalia nje kwako. Novemba mpaka Januari maembe yanaoza chini ya miti, bolibo na dodo na viringe, watoto wameshashiba mpaka wanarushiana maembe kama mawe. Embe lililoiva sana lenye doa, kata doa, lililobaki linafaa kabisa, ila siyo lililochacha. Nanasi za Kiwangwa, nzuri mno, na maganda yake mwenzangu mmoja anayatia na pilipili manga nzima. Plamu za Lushoto, hizo kama zimeumbwa kwa siki. Na zambarau! Zambarau hakuna anayezithamini, zinaanguka zinachafua uwanja, ndege wanakula, watoto ndimi zimekuwa za bluu, kwisha. Ule ukakasi wake ukikutana na siki na sukari unakuwa kitu kingine, na rangi ni ya kifalme, vaeni nguo mbovu tu siku hiyo.

Ambayo sishauri: ukwaju. Ukwaju una uchachu wake wa kutosha, ukiutia siki ni kumpiga mtu aliyekwisha anguka. Machungwa pia, najua Muheza mtanikasirikia, nimewasikia, lakini juisi ya chungwa na siki inakuwa kama kitu kilichoharibika, labda utumie maganda ya juu yale ya njano bila kile cheupe. Papai sijui nani anaiweka huko intaneti, inalegea inatoa harufu. Tikiti ni maji tu.

Kunywa sasa. Vijiko viwili vya chakula kwenye glasi, ujaze maji baridi, au maji ya gesi ukitaka ichemke chemke, na barafu. Vijiko viwili! Siyo nusu glasi. Ukipenda jani la mnanaa. Wairani wana ya kwao, sekanjabin, siki na sukari au asali na mnanaa, wanachovya mpaka majani ya saladi, na Wajapani nao maduka yao yana siki za kunywa za matunda kibao, kwaiyo huu si wehu wa Wamarekani peke yao.

Na hapa ndo nafika kwenye sukari, mhariri, manake mmeandika "inashusha sukari" na mimi nina ndugu wanaosoma gazeti lenu wana kisukari na wanaamini kila kilichochapishwa. Hesabu ni nyepesi. Kikombe cha sukari ni gramu kama 200. Ile ya kikombe kwa kikombe kwa kikombe inakupa kama vikombe viwili vya sharubati, yaani glasi kama kumi na sita, kila glasi ina gramu kama 12 za sukari, vijiko vitatu vya chai. Shirika la Afya Duniani mwaka 2015 lilisema sukari ya kuongeza ikiwa chini ya asilimia 10 ya nguvu unayoipata kwenye chakula kwa siku ni sawa, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, hiyo ni kama gramu 25 kwa mtu mzima. Glasi mbili tu umeshafika. Ni afadhali kuliko soda, kopo la Coca-Cola la huku la mililita 355 lina gramu 39, lakini afadhali siyo dawa. Ni kweli kuna utafiti unaoonyesha siki ikiliwa na chakula cha wanga inapunguza kidogo ile sukari inayoruka baada ya kula, ila hiyo ni siki, siyo siki iliyooana na kikombe kizima cha sukari! Mtu wa kisukari anaweza akatia sukari nusu, itakuwa nyepesi na haitakaa sana, aweke kwenye friji aimalize upesi, na aihesabu kwenye chakula chake.

Siki ya kunywa tupu asubuhi inachoma koo, mwenye vidonda vya tumbo ataiona joto ya jiwe, na meno yanalika, ile ngozi ngumu ya juu ya jino ikishalika hairudi. Nina wazee ninaowasafisha meno kila siku, naona. Hata hii yetu iliyochanganywa na maji kunywa na chakula, usiwe unaichezea mdomoni siku nzima, na usipige mswaki pale pale, subiri nusu saa. Anayetumia dawa za sukari au za kupunguza maji mwilini asianze kunywa siki kila siku bila kumuuliza daktari wake. Na ukitumia asali badala ya sukari, mtoto ambaye hajafika mwaka asionjeshwe.

Nimeulizwa pia na kina dada wa hapa kama siki ni halali kwa vile inapitia pombe kabla ya kuwa siki. Jamani siki imesifiwa na Mtume mwenyewe kwamba ni kitoweo kizuri kilichoje, hadithi iko kwenye Sahih Muslim, mabibi zetu wametia siki kwenye achari miaka yote hatukuwauliza. Ramadhani ya miaka hii inaangukia Februari na Machi, kaskazi imewaka kule Pwani, mi ningekuwa nyumbani ningetengeneza ya embe Desemba, nikafungua wakati wa futari baada ya tende na uji, siyo kabla, tumbo liwe lina kitu.

Ombi langu, rekebisheni lile la nusu glasi asubuhi. Lirekebisheni ukurasa ule ule na herufi kubwa zile zile, msilifiche chini ya ratiba ya meli. Hayo mengine ya maembe na zambarau mkikosa nafasi kateni, sitanuna. Na mkichapisha tena resipi, semeni mtu atumie sufuria gani, siki ya asilimia ngapi, na kama hana friji afanyeje, mpishi anataka hayo kuliko picha ya msichana amezungushia tepu ya fundi cherehani kiunoni.

Msomaji wenu,
Lowell, Massachusetts